Tanga la jua: namna ya kukielekeza chombo cha angani kulikaribia Jua au kulikimbia

Mwanga wa Jua huvuma upande mmoja tu, kutoka Jua kwenda nje. Sasa chombo kinachosukumwa na mwanga huo kitashukaje kuelekea Jua? Mtu wa Ujiji au Kibirizi aliyezoea tanga atajibu haraka: si kinabisha tu, kama mashua inavyokwenda joshi? Jibu hilo limebeba nusu ya ukweli. Mashua hubisha kwa sababu mkuku na ubavu wake vimeshikwa na maji. Upepo unasukuma pembeni, maji yanakataa, chombo kinateleza mbele. Angani hakuna maji. Kinachoshika nafasi ya mkuku ni mwendo wa chombo chenyewe kulizunguka Jua, mwendo uliofungwa na mvutano wa Jua.

Kwa hiyo usifikirie kuelekeza omo kwenye Jua. Tanga la jua, yaani utando mwembamba unaong'aa kama kioo, lina kazi mbili tu: kukiongezea chombo mwendo kwenye obiti yake (njia yake ya kulizunguka Jua), au kukipunguzia. Ukikiongezea, obiti inapanuka na chombo kinaliacha Jua. Ukikipunguzia, obiti inanywea na chombo kinaporomoka polepole kuelekea Jua. Yanayofuata hapa ni namna ya kupata pembe sahihi, kuishika, na kujua inapoharibika. Mwongozo umekusudiwa walimu wa fizikia na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa Kigoma na Tabora, na vifaa vyake vinapatikana dukani na jikoni.

Msukumo ni mdogo kiasi gani

Katika umbali wa Dunia, kila mita ya mraba inayolikabili Jua hupokea wati 1,361. Gawanya kwa kasi ya mwanga, unapata shinikizo la mikronyutoni 4.54 kwa mita ya mraba kwa kitu cheusi kinachomeza mwanga. Kioo hakimezi, hurudisha, na kurudisha kunasukuma mara ya pili: mikronyutoni 9.08. Huo ni uzito wa kitu kisichofika miligramu 1 hapa duniani. Tanga lenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 lingesukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 6.6.

Msukumo huu ni wa mwanga wenyewe. Upepo wa jua, yaani zile chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua, husukuma kwa nguvu ndogo zaidi maelfu ya mara, na hauingii kwenye hesabu zetu. Vitabu vingi vinachanganya mambo haya mawili, na mwanafunzi akianza na kosa hilo kila kitu kinachofuata kinapinda.

Shinikizo hupungua kwa mraba wa umbali. Kwenye obiti ya Zuhura ni mara 1.9 ya hapa kwetu, kwenye Utaridi karibu mara 6.7, kwenye Mirihi asilimia 43 tu. Kumbuka namba hizi, maana ndizo zinazofanya safari ya kushuka iwe ya haraka kuliko ya kupanda.

Jaribio la kivuli

Kabla ya ubao na hesabu, ona kwa macho kwa nini pembe ina bei. Kigoma na Tabora zote ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: takriban tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba. Siku hizo ardhi tambarare inalikabili Jua barabara. Usifanye saa 6 kamili mchana, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mbali upande wetu wa mashariki. Kigoma Jua hufika juu kabisa karibu saa 7 na dakika 13 mwezi Machi, na saa 7 kasoro dakika 10 mwezi Oktoba. Tabora ni mapema kidogo: saa 7 kamili Machi, na kama saa 6 na dakika 37 Oktoba. Siku nyingine za mwaka jaribio linawezekana pia, ila utalazimika kuinamisha ubao wa kupokea kivuli mpaka ulikabili Jua.

Kata kadibodi ya sm 20 kwa 20. Ishike sambamba na ardhi, sm 15 hivi juu ya karatasi nyeupe, upime kivuli: sm 20. Iinamishe nyuzi 35 kwa kutumia kipimapembe. Upande mmoja wa kivuli unapungua hadi sm 16.4. Kwa nyuzi 60 ni sm 10. Umeona kosaini ya kwanza: tanga lililoinama linakamata mwanga kidogo. Usiinue kadibodi mita nzima kutoka chini, kwani Jua si nukta, na ukingo wa kivuli utafifia kwa karibu sm 1 na kuharibu vipimo.

Kosaini ya pili haionekani kwenye kivuli, inabidi ifikiriwe. Mwanga unaodunda kwenye kioo kilichoinama hausukumi kwa nguvu yake yote. Sehemu inayogandamiza uso wa kioo ndiyo inayohesabiwa, na inapungua tena kwa kosaini ileile. Ndiyo maana nguvu ya tanga ni mikronyutoni 9.08, mara eneo, mara kosaini ya pembe iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Nayo siku zote huelekea mgongoni mwa tanga, wima kutoka kwenye uso wake.

Kuna jaribio moja la kuepuka kabisa: kuning'iniza karatasi ya alumini kwa uzi na kuimulika ili darasa lione mwanga ukisukuma. Itacheza, lakini inachezeshwa na hewa iliyopata joto. Hata kile kifaa chenye mabawa meusi na meupe ndani ya tungi la kioo huzunguka kwa sababu ya hewa kidogo iliyobaki ndani, tena kwa upande ulio kinyume na ule ambao mwanga ungekizungushia. Pyotr Lebedev, mwanafizikia wa Urusi aliyelipima shinikizo hili maabara mwanzoni mwa miaka ya 1900, alihangaika zaidi na kuondoa hewa na joto kuliko kitu kingine chochote.

Ubao wa obiti

Hapa ndipo watu wengi hukosea alama: wanajua nyuzi 35 (pembe bora ya tanga, sababu yake inakuja mbele) lakini hawajui ziinamie upande gani. Ubao huu unaimaliza shida hiyo kwa nusu saa.

Chukua plaiwudi au kadibodi ngumu ya sm 60 kwa 60. Katikati weka taa ndogo ya LED, au tochi iliyosimamishwa ikiwa na karatasi nyeupe juu yake ili isambaze mwanga pande zote. Chora duara la nusu kipenyo cha sm 20 kuizunguka taa, uligawe sehemu 12 za nyuzi 30. Kila sehemu ni karibu mwezi mmoja wa safari. Chora mshale wa mwendo kinyume cha mikono ya saa, kama sayari zinavyokwenda ukizitazama kutoka kaskazini. Tanga ni kadibodi ya sm 8 kwa 8 iliyobandikwa karatasi ya alumini ya jikoni upande mmoja, upande unaong'aa ukiwa nje na bila mikunjo. Upande wa mgongo, katikati kabisa, choma kijiti cha mshikaki cha sm 10 kikiwa wima. Kijiti hicho ndicho nguvu. Lisimamishe tanga kwenye donge la udongo au kipande cha sabuni.

Weka tanga kwenye alama ya kwanza, kioo kikitazama taa. Kijiti kinaelekea nje moja kwa moja. Sasa jaribu kulizungusha upendavyo huku uso unaong'aa ukiendelea kupokea mwanga: hakuna namna yoyote utakayoweza kukielekeza kijiti kwenye taa. Tanga halivuti. Lakini unaweza kukiinamisha kijiti mbele, kufuata mshale wa mwendo, au nyuma, kinyume cha mshale. Kikiinama mbele, chombo kinaongezewa mwendo na kinakwenda mbali na Jua. Kikiinama nyuma, kinafungwa breki na kinashuka.

Kuna njia nyingine ya kukumbuka, na kwa maoni yetu ndiyo bora: tazama mwanga uliodunda unatupwa wapi. Ukiutupa nyuma ya chombo, unasukumwa mbele. Ukiutupa mbele ya chombo, unazuiliwa. Anayetaka kushuka kwa Zuhura anamulika njia iliyo mbele yake. Anayetaka kupanda kwa Mirihi anamulika alikotoka. Kwenye ubao simamisha karatasi nyeupe pembeni ya tanga, utauona mng'ao. Tanga likiwa limeinama nyuzi 35, mng'ao unatoka nyuzi 70 kutoka kwenye mstari wa kurudi kwenye taa, kwa kuwa mwanga hugeuka mara mbili ya pembe ya kioo. Hicho ni kipimo chako cha uhakika: usipouona mng'ao kwenye nyuzi 70, pembe yako si 35.

Zunguka alama zote 12. Utagundua kwamba ili kushika pembe ileile dhidi ya Jua, tanga lazima ligeuke pamoja na obiti: karibu nyuzi 1 kila siku katika umbali wa Dunia, nyuzi 1.6 kwenye obiti ya Zuhura, nusu ya nyuzi kwenye Mirihi. Tanga likiachwa limeelekea nyota moja, ndani ya miezi michache linaanza kufanya kazi iliyo kinyume na uliyokusudia.

Kwa nini nyuzi 35

Msukumo wa kufuata njia ni kosaini mara kosaini mara saini ya pembe. Kikokotoo kitakupa: kwa nyuzi 0 ni sifuri, kwa 20 ni 0.302, kwa 30 ni 0.375, kwa 35.3 ni 0.385, kwa 40 ni 0.377, kwa 45 ni 0.354, kwa 60 ni 0.217, kwa 70 ni 0.110. Kilele ni nyuzi 35.26, na ni kilele kipana. Kosa la nyuzi 5 upande wowote linagharimu chini ya asilimia 3. Kwa hiyo usipoteze umeme wa chombo kufukuzia sehemu za kumi za nyuzi.

Tazama tena ile sifuri ya mwanzo. Wengi hudhani kwamba ili kulikimbia Jua unalikabili kwa uso mzima. Ukifanya hivyo, nguvu yote inakwenda nje na hakuna inayofuata njia. Matokeo yake ni kana kwamba Jua limekuwa jepesi kidogo: obiti inabadilika umbo kidogo, kisha basi, haipanuki siku hadi siku. Kulikabili Jua moja kwa moja kungefaa kama tanga na mzigo wake wote vingekuwa vyepesi sana. Kwa gramu 1.53 kwa mita ya mraba, msukumo unalingana na mvutano wa Jua. LightSail 2, chombo cha kilo 5 chenye tanga la mita za mraba 32, kilikuwa na karibu gramu 156 kwa mita ya mraba. Umbali uliobaki ni mkubwa, kwa hiyo panga safari zako kwa kuzunguka.

Hesabu ya chombo chako

Chukulia tanga la mita za mraba 100 na chombo kizima cha kilo 10. Nguvu kamili ni milinyutoni 0.908. Hakuna kioo kamili, na utando huwa na mikunjo, kwa hiyo zidisha kwa 0.85: milinyutoni 0.77. Gawanya kwa kilo 10, unapata mchapuko wa milimita 0.077 kwa sekunde kila sekunde. Mvutano wa Jua hapa kwetu ni 5.93 kwa kipimo hichohicho, mara 77 zaidi.

Sasa inamisha nyuzi 35. Sehemu inayofuata njia ni 0.385 ya hiyo, yaani milimita 0.0296. Kwa siku moja mwendo unabadilika mita 2.6 hivi kwa sekunde. Kupata upana wa obiti unavyobadilika, chukua mchapuko huo mara mbili, zidisha kwa umbali wa Jua (kilometa milioni 149.6), gawanya kwa kasi ya Dunia kwenye obiti (kilometa 29.8 kwa sekunde), ukilinda vipimo visichanganyike. Jibu ni karibu kilometa 25,700 kwa siku. Polepole? Kwa mwaka ni kilometa milioni 9.4, tena bila mafuta.

Kufika kwenye obiti ya Zuhura, kilometa milioni 41 ndani, itachukua miaka 4 na kidogo, kwa sababu mwanga unazidi kuwa mkali unavyoshuka. Kufika obiti ya Mirihi, kilometa milioni 78 nje, ni zaidi ya miaka 9. Jambo moja huwashangaza wanafunzi: chombo ulichokifunga breki miaka minne kinafika Zuhura kikiwa na kasi ya kilometa 35 kwa sekunde, zaidi ya kilivyoanza. Hakuna kosa. Kinaposhuka, mvutano wa Jua unakirudishia mwendo mwingi kuliko breki ilivyouchukua, mara mbili yake hasa.

Hesabu hizi zinaanzia pale chombo kilipokwisha kuachana na mvutano wa Dunia. Kukitoa huko ni kazi ya roketi.

Kuligeuza tanga

Gurudumu zito linalozungushwa na mota ndani ya chombo ndilo jibu la kwanza: likizunguka kulia, chombo kinageuka kushoto. LightSail 2 kilitumia gurudumu moja pamoja na fimbo za sumaku zinazosukumana na usumaku wa Dunia, kikageuka nyuzi 90 mara mbili katika kila mzunguko wake wa kuizunguka Dunia: ukingo kwa Jua kinapolielekea, uso mzima kinapoliacha. Mbali na Dunia fimbo hizo hazifai, hakuna usumaku wa kutosha wa kuushikilia.

IKAROS ya Japani, iliyorushwa Mei 2010 na kupita karibu na Zuhura Desemba mwaka huohuo, ilitumia njia ya werevu zaidi. Tanga lake la mita 14 kwa 14, unene wa maikromita 7.5, lilikunjuliwa na kushikwa wazi kwa kuzungushwa. Kingoni lilikuwa na vipande vya kioo kimiminika kama vya kikokotoo. Umeme ukipita vinang'aa kama kioo, ukikatwa vinatawanya mwanga. Upande mmoja ukisukumwa zaidi ya mwingine, tanga linageuka. Msukumo wake ulikuwa milinyutoni 1.12. Njia ya tatu ni kusogeza mzigo: ukihamisha uzito kidogo kutoka katikati, kitovu cha uzito kinaachana na kitovu cha msukumo, na mwanga wenyewe unaligeuza tanga.

Vinavyoharibika

Njia hiyo ya tatu ni silaha yenye makali pande zote mbili, na ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Chukua tanga letu la mita za mraba 100 lenye nguvu ya milinyutoni 0.9. Kitovu cha uzito kikikosea kwa sm 1 tu, kuna mgeuzo usiokoma wa mikronyutoni 9 kwa mkono wa mita moja. Gurudumu dogo lenye uwezo wa kubeba 0.1 (nyutoni-mita-sekunde) litajaa kwa saa 3, yaani litafika kasi yake ya mwisho na halitaweza tena kuzuia. Chombo kinaanza kupinduka. Suluhisho si gurudumu kubwa zaidi, kwani hilo linachelewesha tu. Weka mzigo unaosogezwa, na upange kuusahihisha kila siku.

Mikono inayokaza utando ikipinda, kitovu cha msukumo kinahama vilevile. Chombo cha NASA cha ACS3, kilichorushwa Aprili 2024 na kukunjua tanga la mita za mraba 80 mwezi Agosti, kilionekana kuwa na mkono mmoja kati ya minne uliopinda kidogo. Kwenye mpango wako acha nafasi ya kupima upya pembe halisi baada ya kukunjua, usiamini michoro ya kiwandani.

Utando usio kioo kamili unaleta kosa jingine la kimyakimya: mwanga unaomezwa unasukuma nje moja kwa moja, kwa hiyo nguvu haifuati kijiti chako barabara, inavutwa kidogo kuelekea mstari wa Jua. Kwa nyuzi 35 kosa hilo ni dogo. Kadiri pembe inavyokua ndivyo linavyozidi, na zaidi ya nyuzi 60 haifai kupanga safari.

Karibu na Dunia adui ni hewa. Hata kilometa 720 juu, kilipokuwa LightSail 2, hewa iliyobaki inaburuza tanga pana kuliko mwanga unavyolisukuma kwa wastani. Chombo kilipanda kidogo upande mmoja wa obiti mwanzoni, kisha kikashuka na kuungua Novemba 2022. Na karibu na Jua adui ni joto: katika robo ya umbali wa Dunia mwanga ni mara 16, kwa hiyo mgongo wa tanga hupakwa madini yanayotoa joto vizuri, kama kromi, ilhali mbele inabaki alumini.

Ukifika kwenye obiti uliyoitaka, zuia tanga lisiendelee kukusogeza. Kuligeuza ukingo kwa Jua kunamaliza msukumo wote, lakini kama paneli za umeme zimefungwa sambamba na tanga utakosa umeme. Bora ulikabili Jua kwa nyuzi 0: obiti haipanuki wala kunywea, na betri zinajaa. Kumbuka tu kwamba kwako Jua limekuwa jepesi kwa asilimia 1.3, hivyo mzunguko wako kwenye obiti ya Zuhura utachukua karibu siku moja na nusu zaidi ya siku 224.7 za Zuhura yenyewe. Kama ulipanga kukutana nayo, ingiza siku hiyo na nusu kwenye ratiba kabla ya kuondoka.